Ngedere Aliyeruka Kiapo

Paukwa.
Pakawa.
Itikieni vizuri. Leo nina hasira, na nikiwa na hasira sirudii.

Hapo zamani za kale jua liliwaka mpaka mito ikakauka. Kikabaki kidimbwi kimoja, maji yake haba. Ukikanyaga tu, chubwi, yote tope.

Mlinzi wake alikuwa Bibi Kobe. Kila asubuhi wanyama walikaa kando, wakakunja miguu, wakafumba macho. Wakavuta pumzi, fuuu. Wakaishusha, fuuu. Mioyo ikatulia, na maji nayo yakatulia, tope likazama. Ndipo wakanywa kwa zamu. Bibi Kobe aliiita kazi hiyo yoga. Lakini hakuna aliyekaa kabla ya kuapa: sitamdhuru mwenzangu, sitasema uongo, sitachukua kisicho changu. Kiapo kwanza, miguu baadaye.

Fisi alikataa kuapa. Basi alikunywa mwisho, wenzake wakishaondoka.

Akaja Ngedere. Alitazama asubuhi moja, jamani, moja tu, akajiita mwalimu. Aliweka mguu shingoni. Alisimama kwa kichwa. Wakampigia makofi, wajinga wale.

"Bibi, viapo vyako vinachosha," alisema. "Wenzangu wanataka kulainisha viungo."

"Mjukuu wangu, nani atafumba macho karibu na mwenye meno asiyeapa?"

"Hayo ni ya kizamani."

Ya kizamani! Msingi wa nyumba nao ni wa kizamani, mbona huuchimbui?

Kesho yake Ngedere akamwita Fisi, akamketisha mbele bila kumwapisha, maana Fisi alikunja miguu vizuri kuliko wote. Wakafumba macho. Fuuu. Fuuu. Mara, kwap! Fisi kamdaka mtoto wa Digidigi mguuni. Mama yake akapiga mluzi, Nyati akashusha pembe, Fisi akaachia. Mtoto alipona, lakini mguu ulivunjika.

Mnajua Ngedere alisema nini? "Ni bahati mbaya. Rudini, fumbeni macho." Hana haya hata chembe.

Mama Digidigi akamgeukia. "Mwalimu, kaa pale kando ya Fisi. Fumba wewe kwanza."

Ngedere akakaa. Akaweka mguu shingoni, vizuri sana. Akafumba jicho la kulia. La kushoto likakataa. Wote wakangoja. Likakataa.

Fisi akajilamba. Ngedere akataka kukimbia na mguu bado uko shingoni. Akabingirika, chubwi, dimbwini. Siku ile wote walikunywa tope, hata yule mtoto aliyevunjika mguu. Hilo ndilo linaloniuma.

Nyati akamfukuza Fisi. Asubuhi iliyofuata Ngedere alikuja kwa Bibi Kobe, miguu tayari ameikunja.

"Ikunjue," alisema Bibi Kobe. "Mtazame mama wa mtoto, uape."

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo. Kujikunja si utulivu. Utulivu huanza kwa kutomdhuru mwenzako, na kama jirani yako hawezi kufumba macho ukiwa karibu, hujajifunza kitu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kiapo afumbe macho, asiye nacho akae macho.