Kidoko cha Mbodze

Nyamazeni basi, na huyo anayetafuna muhogo ameze kwanza, maana hadithi haipendi kushindana na taya. Mmeniuliza kwa nini mwenye punda hupiga kidoko, huugonga ulimi kwenye kaakaa na kuuachia ghafla, kisha mkono wake huenda moja kwa moja mkobani. Mmeniuliza pia kwa nini mtoto akipiga kidoko bure mbele ya punda wa watu hukaripiwa kama aliyetukana. Nitawajibu yote mawili kwa mkupuo mmoja.

Hapo kale, binadamu na punda walikuwa na neno moja tu kati yao, nalo lilikuwa fimbo. Fimbo ikishuka, punda alikwenda. Fimbo ikipumzika, naye alipumzika. Hakuipenda kazi hiyo wala hakuificha chuki yake, ndipo watu wakasema asante ya punda ni mateke. Msemo huo upo hadi leo na mimi siupingi. Najiuliza tu walitaka shukrani gani nyingine kwa mnyama waliyemchapa asubuhi na jioni.

Zama hizo, katika nyika kavu yenye miiba kuliko majani, palikuwa na kijiji kilichoitwa Mwandimu. Huko aliishi mjane mmoja, Nyamvula, pamoja na mama yake mzazi, Mbodze. Mbodze alikuwa ameumia nyonga miaka mingi nyuma. Hakuweza kusimama bila kushikwa, na hata akishikwa hakuweza kutembea. Meno ya mbele hayakuwapo tena, lakini ulimi alikuwa nao mzima, tena mkali, na alishinda mlangoni juu ya ngozi ya mbuzi akiwasahihisha wapita njia.

Mwaka huo maji ya kisima yakawa machungu. Mbuzi walianza kufa, kisha watoto wakaanza kuharisha. Mzee Mwero, msemaji wa kijiji, akawakusanya watu na kuwaambia kwamba mwezi ukiandama wote watahamia mtoni, mwendo wa siku tatu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Kila mtu angebeba chakula chake, maji yake na watoto wake, na asiyeweza kutembea angebaki. Neno hilo la mwisho Mwero hakulitamka. Ilikuwa desturi, na kila mtu aliijua.

Nyamvula aliporudi nyumbani alimkuta mama yake ameshapata habari.

"Usinitazame hivyo," Mbodze alisema. "Nimekula chumvi ya kutosha. Wewe funga mizigo yako."

"Sifungi, mama."

"Basi nikae hapa nikutazame unakufa kwa kiu? Mkaidi we! Baba yako mtupu."

Macho ya Nyamvula yalikuwa uani. Pale palikuwa na punda jike wa kijivu, aliyeachwa na marehemu mume wake. Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa na mkono mwepesi wa fimbo, na tangu azikwe punda huyo hakukubali kitu mgongoni, hata kunguru. Lakini mgongo ulikuwa mpana, na Nyamvula hakuwa na mgongo mwingine wa kumbeba mama yake.

Siku ya kwanza alijaribu fimbo, kwa kuwa ndilo neno alilolijua. Alipigwa teke la ubavu likamlaza chini mpaka jua likaegemea. Siku ya pili aliwaomba wanaume watatu waje na kamba. Punda alilala chini kama gogo, akawaacha wavute mpaka wakachoka na kwenda zao wakicheka. Siku ya tatu Nyamvula aliona afadhali ambembeleze. Punda aliporusha mateke, alimkimbilia na kiganja cha mtama ili atulie. Punda alikula, akatulia, halafu akarusha mateke mengine na kugeuka kuutazama mkono.

Mbodze alicheka pale mlangoni hadi akashika mbavu.

"Hongera, mwanangu. Umemfunza kwamba teke ni mtama."

Nyamvula alikaa chini vumbini akalia. Mtama ule ulikuwa akiba yao ya safari. Mama yake alimwacha amalize machozi, kisha akaanza kusema naye kwa upole, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Nimekutazama siku tatu, sina kazi nyingine. Kuna wakati punda huyu hutulia kidogo tu, kama mtu anayevuta pumzi. Hapo ndipo ungempa. Lakini mpaka mkono wako utoke kikapuni, ameshageuka, naye hudhani umemlipa kwa kugeuka. Mkono wako ni mzito, mwanangu. Tafuta kitu chepesi kitakachomwambia papo hapo: ni hilo ulilofanya."

"Kitu gani?"

Mbodze akapiga kidoko. Kilikuwa kikavu na kifupi, na punda akainua masikio yote mawili.

Siku ya nne hawakumtaka punda afanye lolote. Nyamvula alipiga kidoko, akatoa mtama. Akapiga kidoko, akatoa mtama. Kufikia jioni punda akisikia ile sauti aliacha kila kitu na kuutafuta mkono. Siku ya tano kidoko kilipigwa pale tu miguu yake yote minne ilipokuwa chini. Siku ya sita Nyamvula aligusa shingo, na punda asipotetemeka, kidoko. Kutoka shingoni alikwenda begani, kutoka begani hadi mgongoni. Siku ya saba alimwekea gunia tupu, na siku ya nane akatia humo jiwe moja. Akiona punda amechoka, aliacha kabla hajachukizwa. Wanakijiji walipita wakitikisa vichwa, wakasema msiba umemvuruga akili kabla haujafika.

Siku ya tisa mawe yalikuwa sita, na punda aliuzunguka ua mzima akiwa na mzigo. Nyamvula alimbusu mama yake kwenye paji la uso. Mbodze akajifuta na kumwambia aangalie kikapu.

Kikapu kilikuwa kimebaki nusu ya nusu. Na hapo, siku ya kumi, ndipo Nyamvula alipokosea. Alijiambia kwamba punda sasa anajua, kwa hiyo kidoko peke yake kitatosha. Alipiga kidoko, akafumba mkono. Punda alimtazama, akangoja. Alipiga kingine, mkono ukabaki umefumbwa. Cha tatu hakikufika mbali: gunia lilitupwa, mawe yakatawanyika, na punda akasimama kwenye kona ya ua akiwa amewageuzia mgongo, masikio yamelala.

"Neno hili ulimfunza wewe mwenyewe," Mbodze alisema. "Sasa umemdanganya kwa neno hilo hilo. Unataka akuamini kwa lipi?"

Jioni hiyo Mbodze hakula. Alimimina chakula chake chote kwenye upande wa kanga, akampa binti yake. Nyamvula akaongeza na chake. Kwa siku mbili zilizobaki wakaanza tena tangu mwanzo, kidoko na kiganja, kidoko na kiganja, na hapakuwa na kidoko hata kimoja kilichotoka kitupu.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake watu walijitwika mizigo, na kila aliyepita mbele ya nyumba ile aliangalia upande wa pili. Mwero alikuja na mtungi wa maji, maji matamu yaliyotunzwa tangu kabla kisima hakijaharibika, akauweka kando ya Mbodze. Hakumtazama usoni. Ndivyo waliobaki walivyoagwa.

Nyamvula akamleta punda mlangoni. Yeye na jirani mmoja walimwinua Mbodze wakampandisha. Punda alihisi joto la mtu, na ngozi yake yote ikaanza kutetemeka. Masikio yalilala, mguu wa nyuma ukanyanyuka. Nyamvula alijua kwamba mguu ule ukirudi chini lazima kidoko kilie papo hapo. Aliutazama. Mguu ukashuka polepole, ukagusa ardhi. Akaubana ulimi kwenye kaakaa, lakini kinywa kilikuwa kikavu kwa kiu na hofu, na hakukutoka kitu.

Kidoko kililia juu ya kichwa chake. Mbodze ndiye aliyekipiga.

Sikio moja la punda likasimama, kisha la pili. Akageuza kichwa kuutafuta mkono. Nyamvula akauingiza mkono kikapuni, ukakuta vumbi, maana punje za mwisho zilikuwa zimekwisha alfajiri. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama kikitazama. Akaunyakua mtungi ule, akapiga magoti, akamkingia punda.

"Hayo ni maji ya Mbodze!" Mwero alipiga kelele.

"Ni yangu, ndiyo," Mbodze akajibu huko juu, vidole vyake vimeshika manyoya ya shingo. "Mwache anywe."

Punda akanywa yote. Alipomaliza akashusha pumzi ndefu, na Nyamvula alipotangulia, akamfuata. Njiani majirani walichanga mtama bila kuombwa, kiganja kwa kiganja, na Mbodze akapiga vidoko kwa siku tatu mpaka wakauona mto. Aliishi huko miaka sita zaidi, akilalamika kwamba mbu ni wengi na watu hawajui kupika.

Na tangu siku hiyo, mwenye punda hupiga kidoko kimoja, wala hapigi cha pili kabla hajatoa alichoahidi kwa cha kwanza. Punda naye akisikia sauti hiyo hugeuza kichwa kutazama mkono, na wakifika majini, yeye hunywa kabla ya watu. Mtoto akipiga kidoko bure hukaripiwa, kwa sababu anachezea neno lililombeba mama wa mtu. Miaka mingi baadaye ukame ulirudi, na watu wale wakahama tena. Wazee wanne walipanda punda wanne, na hakuna mtungi uliowekwa mlangoni.