Nyumba Isiyokatiwa Mti

Hapo zamani, katika nchi ya Ukunguni, alitawala sultani aliyechukia kuitwa sultani. Jina lake Zahor. Baba yake na babu yake waliiuza misitu kwa matajiri wa ng'ambo hata vilima vikabaki vipara, na maskini wakalala vibarazani. Basi Zahor aliposhika ufalme aliapa mbele ya watu kwamba siku zile zimekwisha. Akashuka kitini, akaketi mkekani, ingawa mkeka wenyewe ulikuwa umetiwa nakshi za nyuzi za dhahabu, akasema, "Tangu leo hapana bwana wala mtwana. Raia ndio nguzo, raia ndio ukuta, raia ndio paa la Ukunguni. Na mimi niiteni Ndugu." Watu wakapiga vigelegele, ikawa ndiye Ndugu Sultani.

Na kwa kweli moyo wake ulikuwa mwema. Lililomponza ni kupenda amri kama watoto wapendavyo halua. Akaamuru kwanza kila raia awe na nyumba, wala asionekane mtu amelala nje, na yeyote atakayebomoa nyumba ya raia atiwe gerezani. Watu wakashukuru. Kisha akaamuru mti usikatwe, jiwe lisivunjwe, udongo usichimbwe, kuti lisianguliwe, wala tanuri la chokaa lisiwashwe, maana vyote hivyo ni amana ya vizazi vijavyo. Mwenye haja aende kwa Waziri Fumbwe akaombe kibali. Watu wakatazamana. Kisha akaamuru kodi ya chumba isizidi kibaba cha mtama kwa mwezi, asije mwenye nyumba akamnyonya mpangaji. Basi wenye vyumba wakawatoa wapangaji wakaingiza mbuzi, kwa kuwa mbuzi hakutajwa katika amri.

Ikawa amri ya kwanza yasema jenga, ya pili yasema usijenge, na ya tatu yasema usipange. Na watu wakazidi kulala nje, ila sasa walilala kwa kujificha.

Katika mji ule alikuwako fundi wa kukandika nyumba, jina lake Ngwali, fukara asiye na mbele wala nyuma, mwenye ulimi mwepesi na uso wa kijinga. Watu wengi walimdhania punguani, naye hakuwasahihisha. Masika yaliiangusha nyumba yake. Tangu hapo yeye na mkewe Mwanatenga walikaa kibarazani kwa mtu, pamoja na binti yao Mize, ambaye mumewe alikuwa safarini bara, naye ana mimba ya miezi saba. Nyuma ya mlango wa kibaraza kile walilala mbuzi saba, wakavu na wenye shibe.

Ngwali akaenda kwa waziri kuomba kibali. Karani akamwuliza, "Wataka boriti ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kila boriti ni mkoko mmoja. Je, umeiuliza mikoko kama i radhi?"

Ngwali akamtazama aone kama anacheka. Hakucheka. Basi akatoka, akatembea hata pwani, akasimama topeni akaiuliza mikoko, kisha akarudi. "Nimeiuliza, bwana. Haikujibu."

"Basi haijaridhia," akasema karani. "Rudi itakapojibu."

Akawa anakwenda na kurudi mwezi mzima. Siku moja aliambiwa alete hesabu ya viota vya ndege. Siku nyingine alete barua ya Mpima Vivuli, naye Mpima Vivuli alikuwa hapimi siku za mawingu, na ulikuwa msimu wa mawingu. Tumbo la Mize likazidi kushuka. Asubuhi moja Mwanatenga akamwambia mumewe, "Baba Mize, mtoto huyu hatangoja muhuri. Mwanangu atazaa njiani, watu wakipita na vikapu vyao?"

Basi siku ya baraza akaenda akasimama mbele ya Sultani, watu wamejaa.

"Ee maulana," akaanza.

"Sema Ndugu," wakamkemea walinzi.

"Ee Ndugu Sultani, nimekuja kuomba niwe mbuzi."

Watu wakaguna. Sultani akasema, "Kwa nini, ewe fundi?"

"Kwa sababu katika nchi yako mbuzi ana chumba, nami sina. Mbuzi halipi kodi, wala haombi kibali, na mbuzi jike akishikwa na uchungu huzalia ndani. Nimejaribu kulia mee, lakini mwenye nyumba amenitambua kwa kanzu."

Baraza zima likacheka, hata walinzi wakainamisha nyuso. Lakini Waziri Fumbwe alighadhibika, akamnong'oneza Sultani kwamba siku ya saba ndiyo Sikukuu ya Makazi, wajumbe wa nchi jirani watakuja kusikia kuwa Ukunguni hamna hata mtu mmoja asiye na nyumba, na huyu mpumbavu ataiharibu. Sultani akaona haya, na haya ikageuka hasira.

"Ewe Ngwali," akasema, "wasema amri zangu hazijengi nyumba. Nakupa siku saba. Jenga nyumba yenye kuta nne, mlango na paa, bila kukata mti, bila kuvunja jiwe, bila kuchimba udongo, bila kuangua kuti wala kuwasha moto. Ukiweza, utaomba utakalo. Ukishindwa, wewe na watu wako mtatolewa nje ya mpaka, ili neno langu kwa wajumbe liwe kweli."

"Nimesikia na kutii," akasema Ngwali, akainama. Lakini alipokuwa akitoka aliukumbuka mpaka, ulivyo mbali, na njia yake ni jangwa tupu.

Mwanatenga alipopata habari alijishika kichwa. "Ulimi wako umetuua, Baba Mize!"

"Huenda," akasema Ngwali. "Lakini yule bwana ametaja asivyotaka vitumike. Vilivyobaki hakuvikataza."

"Kimebaki nini?"

Ngwali akatazama njiani. Chini ya kila kibaraza palikuwa na watu na mafurushi yao. Akajifunga shuka vizuri akatoka. Ikawa siku zile sita hakushika jembe wala kamba. Alipita kibaraza kwa kibaraza, akiketi, akiamkia, akinong'ona na watu, na akiondoka aliwaacha wakicheka. Majasusi wa waziri walimfuata, wakarudi kusema, "Hajengi chochote. Anapiga soga."

Siku ya saba ikafika, jua kali. Wajumbe wamekaa mbele ya ikulu, tarumbeta zimepigwa. Mara wakatokea watu kutoka kila mtaa, wake kwa waume, wapata mia mbili, wakaingia uwanjani kimya. Wakajipanga safu nne, bega kwa bega, pembe kwa pembe. Wakaacha upenyo mmoja, na hapo akasimama Mwanatenga, mwanamke mrefu mwenye mikono ya kutwanga. Kisha wakakunjua majamvi yao makuukuu waliyolalia, wakayashona papo hapo kwa nyuzi za nguo zilizochakaa, wakayainua juu kwa mikono. Ndani, juu ya furushi la nguo, wakamketisha Mize.

Ngwali akatoka mbele, akainama. "Ndugu Sultani, nyumba tayari."

Waziri Fumbwe akapiga kelele, "Hizi si kuta! Hawa ni watu!"

"Mimi ni fundi mjinga tu," akasema Ngwali. "Siku ile Ndugu Sultani aliposema raia ndio nguzo, raia ndio ukuta, raia ndio paa, wenye akili walipiga vigelegele, nami nikapima. Je, nimekosea kusikia?"

Wajumbe wakanyoosha shingo. Sultani hakuweza kulikana neno lake mbele yao. Akacheka kidogo, akasema, "Hujakosea. Nitaingia niione." Mwanatenga akasogea upande, Sultani akaingia, na Mwanatenga akarudi mahali pake.

Mle ndani mlikuwa na giza na joto, na harufu ya jasho la watu mia mbili. Sultani akamwona Mize amejikunyata, akamwamkia, akazunguka mara moja, uso ukamtota. "Nimeona," akasema. "Nifungulieni nitoke."

"Ndugu Sultani," akajibu Mwanatenga, "mlango huu haujapata kibali cha kufunguka. Tumeomba. Twangoja Mpima Vivuli."

"Walinzi!" akaita waziri kule nje. "Vunjeni ukuta huo!"

"Vunjeni," akasema Ngwali kwa upole, "lakini abomoaye nyumba ya raia hutiwa gerezani. Ni amri ya kwanza, na ndiyo nzuri kuliko zote." Walinzi wakarudisha mikuki chini.

Basi kuta zikaanza kusema. Watu husema kuta zina masikio. Hizi zilikuwa na vinywa pia. Mwanamume mmoja akasema, "Ndugu, mimi nina watoto wanne, na barua zangu za maombi ni tisa. Barua hazizuii mvua." Bibi mmoja mwenye nyumba, aliyekuja kwa kuona aibu, akasema, "Mbuzi ni wangu mimi. Nilimpenda mpangaji wangu, lakini kibaba cha mtama hakizibi paa linalovuja. Hukuniuliza." Na mzee mmoja akasema, "Sisi hatuna ugomvi na mikoko. Baba yako ndiye aliyeimaliza. Sisi tulikuwa tukikata mmoja tukiacha mitatu, na tulijua upi umekomaa. Wewe umetuweka fungu moja na wezi."

Sultani akataka kujibu. Alikuwa na hotuba nyingi kichwani, zote nzuri, lakini kabla hajafungua kinywa Mize akapiga ukelele.

Mwanatenga akageuka. "Uchungu!" akasema. "Umekuja kabla ya siku zake." Na Ngwali, aliyekuwa na mzaha wa kila jambo, akapauka, kwa maana hili hakulipanga. Akasema, "Ndugu Sultani, sasa si hekaya tena. Toka tu, uende zako."

Wanawake wakaingia kati. Mwanatenga akapaza sauti, "Wanaume, geuzeni nyuso nje! Ukuta usivunjike! Mtu asimwone mwanangu!" Safu zote nne zikageuka kama mtu mmoja. Wakati ule yule mzee aliyeshika pembe ya paa mikono ikamlegea, jamvi likaporomoka, na jua likampiga Mize usoni.

"Wewe!" akaita Mwanatenga, asitazame anayemwita. "Shika hapo!"

Sultani Zahor akatazama nyuma, akaona ni yeye anayeambiwa. Akashika. Akainua mikono juu, akageuza uso nje kama wenzake, ikawa anatazamana na wajumbe, na waziri wake, na tarumbeta zake, naye amekuwa nguzo.

Akasimama hivyo muda mrefu. Kwanza jamvi lilikuwa jepesi, kisha likawa zito kama gunia, kisha kama mlango wa chuma. Kilemba kikamwangukia machoni, asiweze kukiinua. Kulia kwake fundi Ngwali, aliyekwisha kuingia safuni, alishika paa huku machozi yakimtiririka kwa hofu ya binti yake. Nyuma yake Mize alilia, na kila kilio Sultani alilishika jamvi kwa nguvu zaidi. Mjumbe mmoja akasogea akauliza kwa adabu, "Ndugu Sultani, nyumba hii imejengwa kwa kibali gani?" Sultani akajibu, "Nyamaza, baba, nisije nikaiachia."

Jua lilipoanza kuinama, ikasikika sauti ndogo, kali, yenye hasira. Ukuta mzima ukapumua. "Mtoto wa kike," akasema Mwanatenga, "na mama yake mzima." Ngwali akaangua kicheko na kilio pamoja, na Sultani naye akacheka, mikono ingali juu, hata akashindwa kusema.

Alipopata pumzi akaita, "Waziri Fumbwe! Njoo uchukue mahali pangu."

"Mimi, Ndugu Sultani?"

"Wewe. Utaishika pembe hii mpaka boriti kumi na mbili zifike hapa. Na usisahau kuiuliza mikoko."

Wanasema kibali hakijapata kutoka upesi namna ile tangu Ukunguni kuumbwa. Karani alikimbia bila viatu, Mpima Vivuli alipima papo kwa papo, na kabla ya magharibi boriti zilikuwa uwanjani, zimechaguliwa na wazee wa pwani katika mikoko iliyokomaa, na kila uliokatwa umepandiwa mitatu. Mize na mwanawe walilazwa ikulu, katika chumba chenye pazia la hariri, na hakuna aliyethubutu kuuliza kodi yake.

Kesho yake Sultani akamwambia Ngwali aombe atakalo. Ngwali akasema, "Nilitaka kuomba uwaziri, nikaona mikono ya Fumbwe, nikaghairi. Naomba kila amri, kabla haijatoka, isomewe kwanza wale itakaowaangukia." Sultani akakubali. Tangu hapo wazee wa kila ufuo wakasimamia mikoko yao, wenye vyumba na wapangaji wakapatana mbele ya mashahidi, na mbuzi wakarudi zizini wakinung'unika. Matajiri wa ng'ambo walipokuja na mashoka yao kuuliza kama misitu imefunguliwa, wakaonyeshwa njia waliyojia.

Siku ya kukandika nyumba ya Ngwali mtaa mzima ulijaa, na Sultani naye akaja na wapambe, akatoa neno zuri refu kuhusu udongo. Mwanatenga alimsikiliza hata akamaliza, kisha akamwonyesha lile shimo la udongo uliolowekwa. Sultani akavua makubadhi, akapandisha kanzu, akaingia, akaanza kukanyaga kwa madaha, huku akitazama upande huu na huu aone nani anamwona.

"Si hivyo," akasema Mwanatenga. "Kanyaga kwa kisigino. Humu atalala mtoto."

Naye akakanyaga kwa kisigino.