Kiboko Apiga Hodi Jiweni

Paukwa!
— Pakawa!
Wenye njaa mpo?
— Tupo!
Walioshiba je?
— Wamelala!
Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna, tafuna kimyakimya, usinipoteze njia.

Kiangazi kilikuwa kikali, nyasi zimekauka kote isipokuwa ukingoni mwa bwawa. Na ukingo wote kaukalia Kiboko. Anakula, nyamu nyamu! Akishiba, analalia zilizobaki. Ukisogea tu: "Nani kakukaribisha?"

Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye miamba, alikuwa na watoto watatu. Wanalia njaa, na moyo unamuuma mama wa watu. Siku moja akaokota jiwe jeupe, linapitisha mwanga, na ndani yake kijani kimetanda, utadhani majani yameota humo. Akaliviringisha, biri biri biri, mpaka bwawani.

"Shikamoo, mjomba."

"Nani kakukaribisha?"

"Napita tu, mjomba. Nahamia kwenye shamba langu hili."

Kiboko akachungulia. Lo! Nyasi ndani ya jiwe! Mbichi, wala jua haliziwezi!

"Nipe hilo, chukua ukingo."

"Jamani, mjomba! Na wanangu wale nini?"

"Wale huku! Lete!"

Pimbi akaangua kilio cha uongo, huku anawapungia wanawe waje.

Kiboko akang'ata. Kwaa! Jino likapasuka.

"Pimbi! Umenitapeli!"

"Kwani ulipiga hodi?"

"Hodi?"

"Ala! Shamba lina wenyewe humo ndani. Mjomba mzima unaingia kwa watu kwa meno? Piga hodi. Wakisema karibu, ingia ule."

Kiboko akaona haya. Mkubwa ukimwambia hana adabu, umemmaliza.

"Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya.

"Mara tatu kimya," akasema Kiboko, "mgeni si huondoka?"

"Ondoka," akasema Pimbi, mdomo umejaa nyasi. "Nitalichukua mimi."

"Thubutu! Siondoki!"

Akalikumbatia jiwe. Likamponyoka, chubwi! Likazama bwawani. Kiboko naye akalifuata, chubwiii!

Mpaka leo yumo majini, anabisha. "Ho! Ho! Ho!" Ile "di" imemkauka kooni.

Hadithi imeishia hapo, na koo langu nalo limekauka. Nani ataniletea maji?

Funzo? Adabu ni mali, wanangu. Kiboko anayo tele. Nyasi anazo Pimbi.