Chumvi ya Chungu cha Bi Mwanamvua

"Chumvi ya chungu chako haionjwi kwa jirani." Mmemsikia mama yenu akimwambia shangazi yenu hapo uani, sasa mnataka kujua msemo umetoka wapi. Haya, sogeeni. Msemo huu una mwenyewe, na mwenyewe ni Bi Mwanamvua wa Muheza, mpishi wa shughuli. Mna mambo ya kike ndani yake. Mwanamume kama mimi babu yenu akiyasema watu hucheka. Acha wacheke, kwani wao wamezaliwa na nani?

Basi, Muheza ile harusi haikuwa harusi kama pilau halikupita mkononi mwa Bi Mwanamvua. Masufuria yake makubwa, mtoto anaingia akaoga, ameyapanga mafigani, yeye anapita katikati na mwiko kama kasia. Na alikuwa na sheria moja: kila sufuria linaonjwa peke yake. Supu kidogo kiganjani, ulimi, kimya, halafu ndiyo chumvi. Kuna siku binti mmoja msaidizi alionja sufuria moja akayatia yote chumvi sawasawa. Bi Mwanamvua akamtoa jikoni. "Hapa kuna beberu mzee, pale kuna ndama," akamwambia. "Kiu ya huyu utaijuaje kwa kumnywesha yule?"

Sasa umri ukafika, hedhi ikakoma, na joto likaja. Si joto la moto, hilo alishalizoea. Hili linaanzia kifuani, linapanda shingoni, mara kanga imelowa kama imetoka kufuliwa. Usingizi haupati. Anaingia jikoni kasahau alichofuata. Kwenye shughuli moja likamzidi, akaacha mwiko ndani ya sufuria akaenda kukaa kwenye pipa la maji. Pilau likashika chini. Watu walikula, hakuna aliyelalamika, lakini alimsikia mmoja akinong'ona, "Mkono wa bibi umekwisha." Neno hilo lilimchoma kuliko lile joto.

Na ulikuwa wakati mbaya. Mdogo wake, Hidaya wa Tanga mjini, alikuwa anamwoza binti yake. Upande wa bwana walitaka mpishi wa hotelini. Hidaya akasimama kidete: dada yangu atapika. Bi Mwanamvua akajua, akianguka kwenye harusi ile hatashika mwiko tena.

Akaenda hospitali. Wenzake wangekaa na haya zao, yeye akaenda. Akamkuta Daktari Kisamo, mwanamke wa Kipare, mtu asiye na papara. Akampima presha, akampima matiti, akamuuliza magonjwa ya ukoo wao. Akamweleza kwamba mwili umepunguza homoni, ndiyo maana anawaka. Akampa jeli ya kupaka pajani, iko ndani ya chupa ya kubonyeza, abonyeze mara moja kila asubuhi, na vidonge vya kumeza akienda kulala, vya kulinda mfuko wa uzazi.

"Urudi, mama, unieleze unavyojisikia, tupime na damu tuone imeingia kiasi gani. Ngozi za watu hazinywi sawa."

Joto likapungua, ila halikuisha. Na siku ya kurudi ikaangukia siku ya kuchambua mchele wa shughuli moja. Hakwenda. Hidaya, ambaye naye alikuwa anatumia jeli hiyo hiyo, akampigia simu.

"Dada, bado unawaka?"

"Kidogo kidogo."

"Unabonyeza mara ngapi?"

"Moja."

"Moja! Unapaka dawa au unapaka wanja? Mimi ni tatu, na nalala kama mtoto mchanga. Sisi si tumbo moja?"

Mtu akikwambia tumbo moja utabisha? Kwao walizoea kuazimana kila kitu, chumvi, kanga, hata ushauri. Bi Mwanamvua akabonyeza tatu.

Joto likakimbia kweli. Lakini matiti yakajaa yakauma, hata kujifunga kanga ni kazi. Kichwa kinagonga. Halafu asubuhi moja akaona damu. Mtu ana wajukuu, anaona damu! Akaenda zake kwa Daktari Kisamo, harusi ya binti wa mdogo wake imebaki miezi miwili.

Wakamtoa damu, wakamtazama mfuko wa uzazi kwa kile kipimo cha picha. Akangoja kwenye benchi, moyo uko mkononi. Daktari akamwita.

"Mama, mfuko wa uzazi uko salama. Lakini homoni kwenye damu imepanda mno. Ulibonyeza ngapi?"

"Tatu."

"Nani alikupa kipimo hicho?"

"Mdogo wangu. Yeye tatu zinamtosha, mwanangu."

"Zinamtosha yeye. Bila shaka walimpima wakaona ngozi yake inanyonya kidogo, wakamwongezea. Ya kwako inanyonya kama mchanga."

Bi Mwanamvua akaanza kucheka, cheko lenye machozi ndani yake.

"Unacheka nini, mama?"

"Najicheka mwenyewe. Jikoni kwangu ningejifukuza."

Wakapunguza dawa. Akarudi akapimwa tena, wakaongeza kidogo tu, akapimwa tena, mpaka damu na hali yake vikapatana. Hakuruka siku hata moja. Mchele ulichambuliwa na wengine.

Siku ya harusi akasimama mafigani toka alfajiri mpaka sinia la mwisho. Moto unawaka, yeye mkavu, kanga imemkaa. Wale wa upande wa bwana waliomba ukoko! Na wanawake jikoni, yule wa kunong'ona akiwamo, wakamzunguka. Kumbe nao walikuwa wanaungua chini chini, kila mtu na lake.

Mmoja akajitoa, kawa mkononi. "Shoga, usitufiche, jeli yako tumeisikia. Unabonyeza ngapi?"

Hidaya naye alikuwepo, akainamisha macho. Bi Mwanamvua angeweza kutaja namba, akapigiwa vigelegele. Akaufuta mwiko, akasema taratibu:

"Sisemi. Ningewaambia ningewaua kwa mapenzi. Chumvi ya chungu chako haionjwi kwa jirani. Keshokutwa nakwenda kupimwa. Anayetaka, tuongozane."

Na waliongozana, wajukuu zangu, benchi la Daktari Kisamo likajaa kanga za Muheza. Hidaya alikaa mwanzo kabisa, mkono wa baibui ameshaupandisha, anangoja sindano. Chumvi ya chungu chako haionjwi kwa jirani.