Mfarishi wa Bi Mwantumu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa sindano, uzi unaifuata.

Na mwenye kusinzia?

Ashonwe kwenye mkeka wake!

Haya, sogeeni motoni. Na wewe uliyejifunika shuka mpaka masikioni, acha sikio moja nje, utalihitaji.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakivaa nguo na watu hawaoni ajabu, palikuwa na kijiji kiitwacho Kirembwe. Kirembwe kilikuwa juu mlimani, kwenye baridi. Kila alasiri ukungu ulishuka, ukaingia nyumba hata nyumba bila kupiga hodi.

Katika kijiji hicho aliishi Bi Mwantumu na binti yake mmoja, jina lake Sikudhani. Bi Mwantumu alikuwa mshonaji. Nasema mshonaji, sisemi mtu aliye na sindano, maana wenye sindano ni wengi. Akishona nguo, huoni mshono ulipoanzia wala ulipoishia. Maharusi wa milima yote ile walivaa kazi ya mkono wake.

Sikudhani alifundishwa angali mdogo. Mtoto anashona, mama anatazama. Mshono ukipinda, mama hagombi, hapigi, anasema tu, "Fumua, mwanangu. Anza tena."

Sikudhani akafumua, akaanza tena. Akafumua, akaanza tena. Akafumua, akaanza tena, mpaka mkono ukanyooka. Alipokuwa mtu mzima, watu walishindwa kujua ipi kazi ya mama na ipi ya binti. Msidhani ni jambo dogo. Wako watu wanaoshona maisha yao yote na suruali zao bado zinatazama upande.

Basi alasiri moja ukungu ulishuka, na ndani ya ukungu akaja Homa. Homa alikuwa mrefu, mwembamba, miguu imelowa, meno yanagongana. Hakumwamkia mtu. Alikwenda moja kwa moja kitandani kwa Bi Mwantumu, akainua ncha ya shuka, akaingia.

Bi Mwantumu akaanza kutetemeka. Sindano ikamponyoka, na haijawahi kumponyoka. Sikudhani akapika uji wa ulezi, mama akaukataa. Akachemsha majani, mama akayatapika. Akamfunika nguo zote zilizokuwamo ndani, mama akasema, "Baridi, mwanangu." Sikudhani aliogopa. Hakuwa na baba, hakuwa na ndugu, alikuwa na huyo mama tu.

Sasa Kirembwe walikuwa na desturi yao. Mtu akiugua hushonewa mfarishi, yaani blanketi zito la viraka, lenye pamba katikati. Kila jirani hukata kipande cha nguo anayoivaa. Siyo tambara la kufutia sufuria, hapana, nguo anayoivaa. Kisha huja mwenyewe, hukaa kando ya kitanda, na hukishona kiraka chake kwa mkono wake. Akimaliza husema, "Nipo." Kona moja huachwa wazi, ya mgonjwa mwenyewe.

Ukiwauliza kwa nini, wanakwambia, "Tuliwakuta wakubwa wetu wakifanya hivyo."

Sikudhani akakata pindo la kanga yake, akashona kiraka cha kwanza, mshono umenyooka kama kawaida yake. Akasema, "Nipo, mama." Na kwa mara ya kwanza tangu mama yake alale, moyo wake ukatulia kidogo. Mkono ukiwa na kazi, machozi hupata adabu.

Wa kwanza kuja alikuwa Nungunungu.

"Hodi."

"Karibu, Bwana Nungunungu."

"Pole kwa kuuguza, binti."

"Nimeshapoa."

Nungunungu alikuwa amekata mgongo wa koti lake. Alikuwa msahaulifu, hivyo sindano zake zote alizichomeka mgongoni zisimpotee. Akachomoa moja, akashona, ulimi nje kwa bidii. Akamaliza, akasema, "Nipo," akaenda zake.

Sikudhani akautazama ule mshono. Huku mrefu, kule mfupi, na fundo moja kubwa kama harage. Akasema moyoni, mama yangu, aliyeshonea maharusi, alale chini ya kitu hiki? Akaisikia sauti ya mama yake ya siku zile: Fumua, mwanangu. Anza tena.

Akafumua. Akakishona upya kiraka cha Nungunungu, kikanyooka, kikapendeza. Akamfunika mama, akaenda jikoni kupuliza moto.

Ukungu ukashuka, Homa akaja. Akagusa kiraka cha kwanza.

"Hapa kuna nani?"

Kiraka kikajibu, "Yupo Sikudhani."

"Nampita." Akagusa cha pili. "Na hapa kuna nani?"

"Yupo Sikudhani."

Homa akacheka. "Sikudhani nimekwisha kumpita pale. Hapa hapana mtu." Akainua kiraka, akaingia.

Sikudhani hakusikia kitu, alikuwa anahangaika na kuni mbichi. Sisi tumesikia, lakini sisi hatukuwapo.

Wa pili kuja alikuwa Nyani.

"Hodi."

"Karibu, Bwana Nyani."

"Pole kwa kuuguza, binti."

"Nimeshapoa."

Nyani alikuwa na suruali moja tu, nyekundu, ya kitambaa kizuri. Sehemu ya mbele ilikuwa imeliwa na miiba, magoti yamekwisha, kitambaa kizima kilikuwa mahali pamoja tu. Ashakum si matusi, kilikuwa kwenye makalio. Nyani hakusita. Alikuwa amekikata palepale, akaja akitembea kinyumenyume ili watu wasimwone. Akashona kwa mikono miwili na mguu mmoja, akasema, "Nipo," akatoka kwa heshima zote, bado kinyumenyume.

Sikudhani akautazama mshono wa Nyani. Ulikuwa umepanda, umeshuka, umerudi ulikotoka. Akafumua. Akaanza tena.

Ukungu ukashuka, Homa akaja. Hapa kuna nani? Yupo Sikudhani. Na hapa? Yupo Sikudhani. Na hapa? Yupo Sikudhani. Homa akacheka mpaka meno yakagongana, akaingia mahali pawili kwa mara moja. Jioni ile Bi Mwantumu hakumtambua binti yake. Alimwita kwa jina la marehemu shangazi.

Wa tatu kuja alikuwa Kobe.

Kobe alikuwa ameondoka nyumbani siku ile ile aliposikia habari, na ndiyo kwanza anafika.

"Hodi."

"Karibu, Mzee Kobe. Shikamoo."

"Marahaba. Pole kwa kuuguza, binti."

Safari hii Sikudhani alimwonyesha kitanda kwa kidole tu. Kobe hakumwuliza zaidi. Akavua shali yake ya shingoni, akakata kipande, akashona. Alishona polepole na vibaya, maana macho yake hayakuwa mazuri. Akasema, "Nipo," akaanza safari ya kurudi.

Sikudhani akauona mshono wa Kobe, akashika sindano aufumue. Lakini tangu mama yake alale, yeye hakuwa amelala. Kichwa kikaanguka ukingoni mwa kitanda, sindano mkononi. Macho yalifumba, masikio yakabaki wazi kidogo, kama yanavyobaki masikio ya kila anayeuguza.

Ukungu ukashuka, Homa akaja.

"Hapa kuna nani?"

"Yupo Sikudhani."

"Nampita. Na hapa?"

"Yupo Sikudhani."

"Hapa hapana mtu. Na hapa?"

"Yupo Sikudhani."

"Hapa napo hapana mtu. Masikini binti wa watu, anataka kusimama milango yote peke yake." Akagusa kiraka cha Kobe. "Na hapa kuna nani?"

"Yupo Kobe."

Homa akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

Sikudhani akafumbua macho. Akautazama mshono wa Kobe, ule mbaya, uliopinda, ambao alikuwa na sindano mkononi aufumue. Akatazama ile mishono yake mwenyewe iliyonyooka. Akaelewa, na kuelewa kulimuuma. Alikuwa amewafukuza walinzi wa mama yake kwa sindano yake mwenyewe.

Akatupa kanga begani, akatoka mbio katika ukungu. Akafika kwa Nungunungu.

"Bwana Nungunungu, nilifumua mshono wako."

"Ulifumua?"

"Nilifumua. Niliona umepinda."

Sindano za mgongoni zikasimama zote. Sikudhani akainamisha kichwa, hakujitetea. Nungunungu akamtazama, akaona macho yake jinsi yalivyoingia ndani, na sindano zikalala, moja moja.

"Twende," akasema.

Wakafika kwa Nyani, naye alikuwa amekaa chini, hataki kuinuka.

"Bwana Nyani, nilifumua mshono wako."

Nyani akacheka. "Niliuona ule mshono, binti. Hata mimi ningeufumua. Twende."

Njiani habari ikawatangulia, na wengine nao wakatoka na vitambaa vyao: mfua vyuma na bibi yake, wafinyanzi, Digidigi na wanawe. Wakajaa ndani, wengine wakakaa kizingitini. Sikudhani akafumua mshono wake mwenyewe kwenye vile viraka viwili. Nungunungu akaweka fundo lake kubwa kama harage. Nyani akapanda, akashuka, akarudi alikotoka. Walishona wakizungumza habari za mahindi na za mbuzi wa nani kala shamba la nani, na Sikudhani akawatungia uzi kwenye sindano. Vidole vilimwasha, sikufichi. Lakini hakumgusa mtu mshono wake. Mimi namsifu kwa hilo kuliko nguo zote alizowahi kushona.

Ukungu ukashuka, Homa akaja.

"Hapa kuna nani?"

"Yupo Sikudhani."

"Na hapa?"

"Yupo Nungunungu."

"Na hapa?"

"Yupo Nyani."

Akazunguka mfarishi mzima. Yupo huyu, yupo yule, yupo fulani. Alipofika kwenye kona, akasimama, akatabasamu. Kona ilikuwa wazi.

"Hapa je?" akasema. "Hapa kuna nani?"

Kimya. Homa akainua mguu wake uliolowa.

Sikudhani akashika sindano, aizibe kona ile upesi. Kisha mkono ukasita. Mlango wake alikuwa nao tayari, na kona hii ilikuwa ya mtu mwingine. Akakata kipande cha mtandio wa mama yake, akatunga uzi, akaiweka sindano katika mkono wa Bi Mwantumu.

"Mama," akasema. "Hii siwezi kukushonea. Shona, mama yangu."

Bi Mwantumu akainua sindano, ikamwanguka. Homa akatia kidole kimoja cha mguu ndani. Bi Mwantumu akaipapasa sindano, akaishika, akaitia kwenye kitambaa, akaivuta. Ya kwanza ikaenda kulia. Ya pili ikaenda kushoto. Ya tatu haikujua iendako.

"Nasema, hapa kuna nani?" Homa akauliza.

"Nipo," akasema Bi Mwantumu, kwa sauti ndogo iliyokwaruza. "Nipo mimi, Mwantumu, mwenye nyumba. Na wewe, uliingia humu kwa ruhusa ya nani?"

Homa akatafuta pa kupita, hakupaona. Akarudi alikotoka, akiacha sakafuni alama za miguu iliyolowa. Nyani akazifuta kwa mkia.

Bi Mwantumu hakupona siku ile. Msinidanganye na hadithi za watu wanaopona papo hapo. Leo alimeza kijiko cha uji, kesho viwili, keshokutwa akasema uji hauna chumvi, na Sikudhani aliposikia mama yake analalamika, alikwenda nyuma ya nyumba akalia kwa furaha. Baadaye akaweza kukaa. Baadaye akaweza kutoka nje kuota jua, mfarishi mapajani.

Asubuhi moja, akiwa juani, Bi Mwantumu alianza kuukagua ule mfarishi kwa jicho lake la kazi. Akapita kwa Nungunungu, akaguna. Akapita kwa Nyani, akaguna mara mbili. Akafika kwenye kona, akakunja uso, akausogeza karibu.

"Sikudhani. Njoo utazame hapa. Hii ni nini? Kuku amepita na uzi mguuni? Nani kashona hivi?"

"Wewe, mama."

Bi Mwantumu akapitisha kidole juu ya ule mshono, kulia, kushoto, na pale usipojua uendako. Sikudhani akachukua sindano, akamwuliza taratibu, kama mtu anayejua jibu, "Niufumue, nianze tena?"

"Uguse uone," akasema mama yake, na akaukunja mfarishi kifuani kwa mikono yote miwili.

Basi, wasikilizaji wangu, mmesikia. Mgonjwa hauguzwi na mtu mmoja, hata awe hodari namna gani. Na jirani akija kukusaidia kwa mkono wake uliopinda, mwache asaidie.

Na kama kuna mtu hapa anamcheka Nyani kwa vile alivyo nyuma mpaka leo, anyamaze. Ile ilikuwa suruali nzuri, na anajua aliiacha wapi.

Mimi uzi wangu naukata hapa. Kama hadithi imenyooka, jifunikeni. Kama imepinda, msiifumue.