Ndama wa Tumpe

Sogeeni karibu mniazime masikio, maana mwisho wa kisa hiki nitawadai jawabu.

Walikuwapo watu watatu. Lusajo, wakala wa pesa sokoni Tukuyu, alijaliwa wepesi: wenzake wakiwa bado wanashangaa, yeye keshatenda. Atupele, muuza viazi, alijaliwa ulimi uliotulia. Ungemkabidhi ugomvi asubuhi, jioni angekurudishia soga. Kajuni, fundi pikipiki wa kule Chimala, alijaliwa jambo moja tu: cha mtu hakikumkaa mkononi.

Kosa la Mzee Ambilike ndilo lililowakutanisha. Mkewe, Tumpe, ambaye wengi walimwita Mama Lugano, ndiye aliyekuwa akishika michango ya majirani. Alipofariki, kazi hiyo akaachiwa mumewe. Safari hii walichanga kwa ajili ya Subilaga, jirani aliyelazwa Mbeya akisubiri kupasuliwa kesho yake. Ambilike alitakiwa kuzituma hela kwa dada wa mgonjwa. Lakini miaka yote hela za nyumba ile zilikwenda kwa mtu mmoja, na kidole chake kikashika njia kiliyoizoea. Jina la mpokeaji likatokea ili alihakiki. Hakulisoma. Namba ile aliijua kuliko yake mwenyewe.

Ilikuwa ya Tumpe. Laini ilikwisha kufungwa kwa kukaa bila kutumika, ikauzwa kwa mtu mwingine.

Alipousoma ujumbe wa kuthibitisha, Ambilike hakuficha. Aliwaita majirani, akawaeleza alichofanya, kisha akasema, "Atakayezirudisha hela hizi leo, ndama wa ng'ombe wa Tumpe ni wake."

Lusajo hakungoja kusikia mara mbili. Alichukua simu ya mzee, akawapigia watu wa kampuni ya simu, akawasomea namba ya muamala, na hela zikazuiwa zisitolewe. Ila wakamwambia zitarudi tu aliyezipokea akikubali.

Wakampigia huyo mtu. Akasema matapeli wa "nimekosea kutuma" anawafahamu, akakata.

Atupele akaomba simu. Hela hakuzitaja kabisa. "Kaka yangu, namba unayotumia ilikuwa ya jirani yetu, Tumpe. Tulimzika mwaka jana. Mumewe bado mkono wake haujajua."

Kumbe aliyekuwa upande wa pili ni Kajuni, yule fundi wa Chimala.

"Mama Lugano?" Kajuni akauliza. "Watu wananipigia wakimtafuta. Mimi nimekuwa nikiwaambia amebadilisha namba."

Ambilike alisikia, akatazama pembeni.

Ndipo Kajuni alipoeleza kwamba hela zilipoingia alikwenda kwa wakala, kwa kuwa kodi ya kibanda ilikuwa inadaiwa. Akafika hadi dirishani, kabla hazijazuiwa, akageuka akarudi kumsubiri mwenyewe, ila simu ya kwanza alidhani ni ya tapeli. Papo hapo akakubali zirudishwe, zikarudi, na Subilaga akapasuliwa salama.

Wiki iliyofuata Kajuni alipanda Tukuyu kumsabahi mzee. Lusajo akamtania, "Fundi, bila mimi ungekuwa umeshanunua matairi."

"Ningetaka kuzila, ningezila wewe bado unatafuta mtandao."

"Na bila mimi," Atupele akasema, "mpaka leo mngekuwa mnakatiana simu."

Majirani wakagawanyika. Wengine walisema Kajuni alirudisha tu kisichokuwa chake, na mtu hapewi zawadi kwa kutoiba. Wengine wakauliza ni nani kati yao angegeuka pale dirishani akiwa na deni la kodi. Wapo waliosema kuzuia hela ndiyo kazi ya kila siku ya Lusajo. Wakajibiwa kwamba hata kuongea ni kazi ya kila siku ya Atupele. Mmoja akashauri ndama auzwe, wagawane. Mzee akakataa: ng'ombe wa Tumpe hauzwi, na aliahidi mtu mmoja.

Ahadi ataitimiza, hilo hana shaka nalo. Amekwisha kumfungua ndama, amesimama mlangoni mwa zizi na kamba mkononi, na wote watatu wako mbele yake.

Haya, nanyi mmesikia yote aliyoyasikia. Kamba hiyo ingekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani?