Aje Mmoja Tu

Sogeeni, na simu zenu zilazeni kifudifudi, maana leo zina kesi.

Kwenye chuo kimoja cha ualimu, kule Nyanda za Juu Kusini, walikuwepo wanafunzi watatu. Atupele alijua kuwafanya wazee wafunguke. Lusajo alikuwa fundi wa picha. Sekela naye akiandika, huachi kusoma.

Mwalimu wao wa historia akawapa kazi: wafungue ukurasa mtandaoni, wasimulie mgomo wa zamani wa chuo chao kana kwamba unatokea sasa, kila siku ya masomo tukio moja. "Msiruke mbele," alisema. "Mgomaji hakuijua kesho yake."

Atupele alimwendea bibi mmoja aliyegoma enzi hizo, akarudi na habari za Asajile, aliyeingia darasani wenzake wakiwa nje. Wenzake hao hao ndio waliomtuma kwa siri, akasikilize uongozi unapanga kumfukuza nani. Atupele akasisitiza jina lake halisi litumike, kwa kuwa historia haibuniwi.

Lusajo aliipata picha ya pamoja ya darasa la Asajile, imefifia. Akaisafisha mpaka sura ya Asajile ikaonekana vizuri, akaizungushia duara jekundu.

Ijumaa Sekela akaandika: "Leo Asajile amewaacha wenzake nje, ameingia darasani." Akaishia hapo. Habari ya kutumwa, iliyofichuka baadaye kwenye mgomo, aliiweka ya Jumatatu, kama kazi ilivyotaka. Na tuseme kweli, alipenda pia watu wabaki na hamu.

Watu hawakuingoja Jumatatu. Walisambaza, wakatukana. Kumbe Asajile yu hai, ni mzee wa watu, anaongoza kwaya kanisani. Jumapili aliposimama kuimbisha, nusu ya waimbaji walifunga midomo. Mmoja akasema, "Msaliti." Mzee akavua joho, akalikunja, akaenda zake nyumbani.

Jumatatu ukweli ulipowekwa, hakuna aliyeusambaza. Aibu iliwashika wale watatu, hata kutazamana wakashindwa. Wakamtuma yule bibi awaombee nafasi ya kwenda kuomba radhi. Mzee akajibu:

"Aje mmoja tu, yule aliyenichafua. Wakija wote watagawana aibu, kila mtu arudi na kipande chepesi. Mimi nimeibeba peke yangu."

"Jina nimelitaja mimi," alisema Atupele, "ila bila picha nani angemtambua?"

"Picha yangu haikumtukana mtu," alisema Lusajo, macho chini.

"Na mimi sikuandika uongo," alisema Sekela, huku analia. "Nilifuata tulivyoagizwa."

Msinitajie mwalimu. Huyo alishakwenda, mzee akamwambia, "Sikukuita wewe."

Basi wamekaa chumbani, na kila mmoja anangoja mwenzake ainuke. Mzee naye yuko kwake, kwaya inaimba bila yeye. Hebu ninyi niambieni, bila kupepesa macho: mngemtuma nani akabishe hodi?